Shajara ya mradi: vipozamataza wawili wa Kitengela, kwa sauti ya mabawa

6 Oktoba 2024: Kazi yenyewe

Kwenye nyika iliyo kati ya Kitengela na Isinya, kaunti ya Kajiado, kuna vipozamataza wawili, ndege wadogo wa nyasini, ambao picha haiwatenganishi vizuri. Wa kwanza ni kisogo-chekundu, ambaye vitabu vingi vinamwita Mirafra africana. Wa pili ni Mirafra rufocinnamomea, ambaye humu nitamwita mpiga-mabawa. Wote wana rangi ya udongo na michirizi mgongoni, wote wana wekundu kwenye bawa, na wote wakishtuka hupendelea kukimbia chini ya nyasi kuliko kuruka. Kisogo-chekundu ni mkubwa kidogo, sentimita 15 hadi 18, ana mdomo mnene na kishungi ambacho hukisimamisha anapoimba. Mwenzake ni mwembamba, sentimita 13 hivi. Jua likiwa usoni na ndege yuko mita arobaini, tofauti hiyo haikusaidii kitu. Na kile kisogo chekundu cha kwenye jina usikitegemee, maana kuna ndege ambao hukioni hata wakikupa mgongo.

Sauti ndiyo inayowatenga. Kisogo-chekundu husimama juu ya kitu, iwe nguzo, kichuguu au kilele cha mgunga, akapiga mluzi mfupi wa sauti mbili au tatu, akanyamaza, akarudia uleule. Mpiga-mabawa hupanda juu hadi anakuwa kidoa, kisha anapiga mabawa kwa mafungu: prrrt, prrrt, prrrt-prrrt. Halafu anashuka mzimamzima na kupotelea nyasini. Lengo la mradi ni kuzirekodi zote mbili kwa vifaa vya bei nafuu, kuzipima kwenye kompyuta, na kuacha maelezo yatakayomwezesha mtu wa Laikipia au wa Serengeti kufanya vivyo hivyo.

Jambo moja la ofisini kabla ya kwenda nje: majina ya faili. Mwaka 2023 Per Alström na wenzake walichapisha uchambuzi wa vinasaba vya jamii nzima ya vipozamataza, na jenasi ya Mirafra ikagawanywa. Kisogo-chekundu akahamia Corypha, mpiga-mabawa akahamia Amirafra. Kwa hiyo hawa wawili si ndugu wa karibu kama tulivyodhani. Mwaka 2024 wakaja na pendekezo jingine, kwamba kisogo-chekundu mwenyewe ni spishi kadhaa, na hawa wa nyanda zetu wakaitwa Corypha athi. Ukiandika jina moja tu la kisayansi kwenye faili, baada ya mwaka hujui ulimaanisha nani. Nimeamua kila faili ibebe herufi KC (kisogo-chekundu) au MM (mpiga-mabawa), tarehe, saa na mahali. Majina ya kisayansi, la zamani na jipya, yanakaa kwenye jedwali moja pembeni, ambapo yakibadilika tena narekebisha safu moja tu.

20 Oktoba: Simu inafuta ndege

Nimeanza na simu kwa sababu kila mtu anayo. Mluzi wa kisogo-chekundu ulitoka vizuri. Mabawa ya mwenzake hayakutoka kabisa. Nilimsikia kwa masikio yangu juu ya kichwa, fungu baada ya fungu, lakini faili ilipofunguliwa kulikuwa na ukimya na matatu za barabara ya Namanga kwa mbali.

Sababu ni kwamba programu ya kurekodi iliyokuja na simu imeundwa kwa ajili ya maneno ya watu. Inatafuta sauti yenye toni, na kila mpasuko mfupi usio na toni inauhesabu kuwa upepo au mkwaruzo wa mfukoni, inaupunguza. Vipigo vya mabawa ndivyo vilivyo: mipasuko mifupi isiyo na toni. Kisha kile kilichobaki kinabanwa ili faili iwe ndogo, na kubanwa huko kunaondoa makali yaliyosalia.

Niliweka programu nyingine ya bure inayoruhusu kuzima usafishaji wa kelele na kuhifadhi kwa WAV, yaani faili isiyobanwa. Mambo yakawa nafuu: vipigo vikaonekana, hafifu lakini vipo. Ukiwa na simu tu, anzia hapo, na kabla ya kutoka nyumbani jipime. Piga vidole mara kadhaa upande wa pili wa chumba, kisha usikilize. Vidole vikisikika kama vilivyo, simu iko tayari. Vikisikika vimefifia au vimemezwa, bado kuna kitu kinasafisha.

Ile programu ya kutambua ndege kwa sauti niliyonayo ilimtambua kisogo-chekundu mara moja. Kwa mabawa ya mwenzake ilikaa kimya. Sikuishangaa.

27 Oktoba: Kinasa sauti

Nimenunua kinasa sauti cha mitumba kwa shilingi 9,500, kadi ya kumbukumbu 900, betri za kuchaji pamoja na chaja yake 2,200. Muuzaji alikikabidhi kikiwa kimewashwa kujirekebisha nguvu chenyewe. Matokeo yake ni kwamba fungu la kwanza la mabawa liliingia kwa nguvu, mashine ikashtuka ikajipunguza, mafungu yaliyofuata yakawa madogo. Ukiangalia grafu utasema ndege alichoka. Zima hiyo, weka nguvu kwa mkono, na uiache palepale asubuhi nzima. Zima pia kichujio cha sauti nzito. Kinapunguza ngurumo ya upepo, ni kweli, lakini kinachukua na sehemu ya chini ya kipigo.

10 Novemba: Beseni, dishi na manyoya

Hapa ndipo pesa zilipopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Upepo ndio adui mkubwa wa nyika hii. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kumetulia. Ikifika saa tatu, kinachosikika ni upepo na migunga. Mgunga wa huku, Vachellia drepanolobium, una yale manundu meusi yanayokaliwa na sisimizi, na matundu waliyotoboa hupiga mluzi upepo ukipita. Mara mbili nimegeuza kinasa kuelekea mluzi mzuri, nikakuta ni mti.

Nilitaka kitu cha kukusanya sauti kutoka upande mmoja. Beseni la plastiki, shilingi 350, nilitoboa kitako na kupitisha kinasa. Halikufanya kazi na haliwezi kufanya kazi: kitako chake ni bapa na kingo zake zimenyooka, kwa hiyo sauti haikusanyiki mahali pamoja. Inagongagonga ndani na kutoka na mwangwi wa bafuni. Usijaribu na beseni kubwa zaidi.

Halafu nikapewa dishi la zamani la TV, sentimita 60, bure, ukiondoa shilingi 300 za kulibeba kwa boda. Dishi ni umbo sahihi, na mahali pa kuweka maikrofoni pameshapimwa: ni pale kwenye mkono, kilipokuwa kile kichwa cha kupokea mawimbi, maikrofoni ikitazama dishini. Tatizo la kwanza ni kulenga. Madishi haya ya nyumbani yamekatwa upande, kwa hiyo hayatazami yanakoelekea uso wake. Likisimama wima, dishi linasikia juu, kiasi cha digrii ishirini na kitu kutoka usawa wa ardhi. Nilitatua kwa kuweka redio ndogo juu ya nguzo ikipiga mchakacho wa kati ya stesheni, nikalizungusha dishi hadi sauti ilipokuwa kubwa kabisa kwenye vipokea sauti vya masikioni, kisha nikafunga kipande cha bomba pembeni kikielekea redio. Tangu hapo nilitazama kupitia bomba.

Kwa kisogo-chekundu aliye juu ya nguzo lilikuwa jambo la ajabu. Hata pumzi kati ya miluzi unadhani unaisikia. Kwa mpiga-mabawa lilikuwa mateso, maana anazunguka angani na wewe umeshika dishi shambani kama mtu anayetafuta matangazo ya mpira.

Tatizo la pili ndilo lililoliua dishi, na ni la kipimo. Dishi haliwezi kukusanya sauti ambayo wimbi lake ni refu kuliko upana wa dishi lenyewe. Kwa sentimita 60, chochote kilicho chini ya hezi 570 hivi hakipati msaada, ilhali sauti nyembamba zinaongezwa mara nyingi. Mluzi wa kisogo-chekundu uko kati ya kilohezi 2 na 5, kwa hiyo unanufaika wote. Kipigo cha bawa kimetandaa kutoka chini hadi juu, kwa hiyo dishi linakigeuza sura, kinatoka chembamba na kikavu. Ukirekodi mmoja kwa dishi na mwingine bila dishi, halafu ukasema sauti zao zinatofautiana hivi na hivi, nusu ya unachoeleza ni dishi. Mradi ni wa kulinganisha. Dishi limerudi juu ya paa la kuku, na rekodi zote mbili zinafanywa kwa kinasa kitupu, nguvu ileile.

Kilichobaki ni kifuniko cha upepo. Kitambaa cha manyoya ya bandia, shilingi 400 kwa kipande, kilizuia upepo vizuri na kilizuia mluzi vizuri pia: nyuma yake kilikuwa na gundi. Kipimo ni kuweka kitambaa mdomoni na kupuliza. Pumzi isipopita, sauti haipiti. Cha pili nilikikata kutoka kola ya koti la mitumba la shilingi 200, ambalo mgongo wa manyoya yake ni wavu uliolegea. Nimekishona kama soksi, kinakaa wazi kidogo bila kugusa maikrofoni. Hicho ndicho ninachotumia hadi leo.

24 Novemba: Mvua imegusa

Kabla ya mvua mpiga-mabawa alikuwa anapanda mara mojamoja. Siku chache baada ya manyunyu ya kwanza, asubuhi nzima kulikuwa na mmoja juu. Udongo mweusi wa huku ukilowa unashika kiatu hadi unatembea na kilo mbili kila mguu, na boda wanakataa kuingia ndani, kwa hiyo unashukia lamini na kutembea. Nauli ya matatu na boda, kwenda na kurudi, ni shilingi 450 kukiwa kukavu.

Ardhi karibu yote ina mwenyewe. Omba ruhusa kabla, na ueleze kwamba hukamati ndege. Mzee mmoja mwenye ng'ombe alinitazama muda mrefu kabla hajasema kitu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unapima shamba la nani?"

Nilimwonyesha kinasa, nikampigia mluzi kutoka asubuhi ile. Akacheka.

"Huyo si anakaa pale kwa nguzo iliyoinama? Kila siku, kabla ng'ombe hawajatoka."

"Na yule wa juu, mzee, anayepiga mabawa?"

"Yule hana kwake. Ukimtafuta chini utamkanyaga kwanza."

Nilikwenda kwenye nguzo iliyoinama kesho yake, kukiwa bado kuna ubaridi. Kisogo-chekundu alikuja akatua, akajikung'uta, kishungi juu, koo limejaa. Kwa darubini ukimwangalia kwa karibu unaona mdomo unafunguka kabla mluzi haujakufikia, na kila mluzi unapotoka mkia unatikisika kidogo. Aliimba hadi jua lilipompata vizuri, akashuka. Rekodi bora ya KC mpaka sasa ni ile.

15 Desemba: Kanuni ya "mabawa ni MM" imeanguka

Atakayefuata kazi hii asome sehemu hii kwanza.

Hadi sasa faili zilikuwa zinapangwa kwa kanuni rahisi: mluzi ni KC, mabawa ni MM. Wiki hii, nikiwa nimeketi karibu na kichuguu, kisogo-chekundu aliyekuwa juu yake aliruka kimo cha mkono hivi, akatoa mtetemo wa mabawa, prrr, akatua palepale, akapiga mluzi. Kisha akarudia. Naye anapiga mabawa! Vitabu vinalitaja, kwa mstari mmoja, katikati ya maelezo ya rangi, ambapo ni rahisi kulipita.

Hiyo maana yake ni kwamba rekodi yoyote yenye mabawa lakini bila maelezo ya mahali ndege alipokuwa haiaminiki. Niliziondoa zote za aina hiyo kwenye folda ya MM, na folda ikabaki nyembamba. Kuna na mhusika wa tatu: Cisticola brunnescens, kindege kidogo cha nyasi fupi ambaye naye huruka juu na kushuka akitoa milio ya tik tik ya kukatika. Kwa mbali, upepo ukiwapo, sikio linaweza kumchanganya na wengine.

Marekebisho ni mawili. La kwanza ni la sauti yako mwenyewe: kila rekodi ikiisha, kabla ya kuzima, sema kwenye kinasa ulichokiona. "Yuko juu, ameonekana, ameshuka mashariki." Au: "Yuko kwenye nguzo, hakupaa." Au: "Sikumwona." Zile za "sikumwona" hazipimwi, hata ziwe safi namna gani. Inauma, kwa sababu mara nyingi ndizo safi kuliko zote.

La pili ni mpangilio wa mafungu. Mtetemo wa kisogo-chekundu ni mmoja, mfupi, umefungwa na mluzi. Mpiga-mabawa ana mafungu kadhaa yenye mapengo maalumu, na sentensi hiyo nzima anairudia vilevile kila anapopaa. Ukiandika fungu kwa mstari na pengo kwa nafasi kwenye daftari, hata bila kompyuta, kurasa za hao wawili hazifanani.

Kuhusu kuwachezea ndege sauti zao ili wajibu: nilifanya mara moja, kisogo-chekundu akaacha kuimba na kuanza kuzunguka akitafuta mpinzani. Hilo linaharibu unachotaka kupima na linamchosha ndege msimu wa kuzaa. Nimeacha.

11 Januari 2025: Kwenye kompyuta

Natumia Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Fungua faili, badilisha mwonekano uwe spektrogramu, yaani picha ya sauti inayoonyesha wakati kwa ulalo na kimo cha sauti kwa wima. Mluzi wa kisogo-chekundu unaonekana mara moja, mistari ya kupinda. Mabawa ya mwenzake yalionekana kama ukungu.

Siku kadhaa nililaumu kinasa. Tatizo lilikuwa kwenye mpangilio wa programu. Mtafiti R. Åke Norberg alionyesha mwaka 1991 kwamba mpiga-mabawa, anapotoa sauti ile, huongeza kasi ya mabawa maradufu hadi mapigo 24 kwa sekunde. Maana yake kipigo na kipigo vinatengana kwa milisekunde 42 hivi. Audacity kwa kawaida hukata sauti kwa vipande, yaani madirisha, ya sampuli 2048, na kwa rekodi ya sampuli 44,100 kwa sekunde dirisha hilo ni milisekunde 46. Yaani kila dirisha linameza zaidi ya kipigo kimoja, na vyote vinatoka vimechanganyika. Punguza dirisha liwe 256, ambalo ni milisekunde 6 pungufu kidogo, na ukungu unagawanyika kuwa mistari ya wima, mmoja kwa kila kipigo, unahesabu kwa kidole. Nafasi zangu zinaangukia karibu na 42, kama ilivyotarajiwa.

Lakini dirisha la 256 linaharibu mluzi: linaona vizuri wakati, halioni vizuri kimo cha sauti. Kwa KC rudisha 2048. Andika ukubwa wa dirisha kwenye kila picha unayohifadhi, la sivyo picha mbili za ndege wawili zitakuwa zimepimwa kwa rula mbili.

20 Aprili: Masika, na upande wa Konza

Masika yamekuwa mazuri kwa mradi kuliko vuli. Nimeongeza eneo la pili, nyasi za upande wa Konza, kwa sababu ya jambo ambalo Robert Payne alilichapisha mwaka 1978: mafungu ya mpiga-mabawa yana lahaja. Ndege wa eneo moja hushirikiana mpangilio, na wa eneo jingine huwa na wao.

Nilivyosikia mimi, wa Kitengela wananipa mafungu mawili mafupi, pengo, kisha refu. Konza wanaanza na refu. Nimewasikia majirani wawili wa Konza wakiwa juu kwa wakati mmoja, na mpangilio wao ni uleule, mmoja akimfuata mwenzake. Ndege niliowarekodi ni wachache, kwa hiyo naweka kwenye jedwali kama mpangilio wa mahali, bila kuchora mpaka wowote kwenye ramani. Kisogo-chekundu yeye ana aina kadhaa za mluzi, na tofauti kati ya ndege na ndege wa nguzo jirani ni kubwa kiasi kwamba sioni faida ya kulinganisha maeneo kwa sasa.

Kadi ya kumbukumbu iliharibika kwa unyevu mara moja. Tangu hapo inakaa kwenye kikopo chenye mchele mkavu kidogo, na faili zinahamishwa siku ileile.

18 Mei: Hesabu na faili

Vifaa vyote vimegharimu shilingi 13,850. Kati ya hizo, 1,050 ni za beseni, usafiri wa dishi na kitambaa cha gundi, ambazo wewe huhitaji kuzitumia. Anayeanza na simu aliyonayo na koti la mitumba anaweza kufika hadi hatua ya Januari kwa shilingi 200 na nauli, mradi akubali kurekodi ndege walio karibu tu.

Rekodi zilizo na maelezo ya kuonekana nimezipandisha xeno-canto, hifadhi ya mtandaoni ya sauti za ndege, zikiwa WAV, bila kukata ile sauti yangu ya mwisho inayosema ndege alikuwa wapi. Orodha za kila asubuhi zimeingia Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya, kwa miraba yake ya dakika tano za latitudo kwa tano za longitudo. Hapo kuna jambo la kuangalia: kwenye orodha, kisogo-chekundu anaandikwa mara nyingi na mwenzake mara chache, na nadhani sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni masikio ya waandikaji. Anayesimama kwenye nguzo mbele ya gari huandikwa. Aliye juu ya kichwa chako, injini ikinguruma, huandikwa na nani?

Hatua inayofuata ni vuli. Nataka kinasa kikae nyikani usiku kucha na kuanza chenyewe alfajiri, kwa sababu nadhani mpiga-mabawa huanza kabla sijafika. Kizuizi ni ng'ombe, ambao hulamba kila kitu kilichofungwa kwenye mti. Yule mzee amenishauri nikifunge juu ya kiwango cha pembe, upande wa miiba.